Kilomita Hamsini za Kwanza

Kasmir alifunga nati ndogo kwenye uzi, akaubandika uzi huo juu ya madigadi ya nyuma kwa gundi ya karatasi, akaiacha nati ining'inie mbele ya tairi. Hiyo ndiyo timazi yake. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akasubiri upepo utulie. Upepo wa Sumbawanga mwezi wa saba hautulii kwa kubembelezwa, kwa hiyo alikaa pale dakika tano nzima, kola ya koti imemfika masikioni, mpaka nati ikachoka kucheza. Ndipo akapitisha rula kati ya uzi na tairi.

"Ishirini na sita," alisema. "Tukiweka spesa ya ishirini, zinabaki milimita sita. Hata likipakia watu wanne na gunia, tairi halitasugua."

"Gunia?" Ridhiwani alicheka. "Kas, hili ni gari la spoti. Nani atapakia gunia kwenye Celica?"

"Hapa kwetu? Yeyote yule."

Na hakuwa anatania. Ufipa hakuna gari lisilobeba gunia. Mpe mtu wa huku gari la milango miwili, likawe jekundu, likawe la kukimbia kuliko basi la Mbeya, mwezi wa mavuno utalikuta limelaza kiti cha nyuma na debe la maharage limefungwa mkanda kiti cha mbele kama bibi harusi. Fundi anayejua kazi yake huku lazima alipigie hesabu hilo debe. Kasmir alilipigia.

Spesa zenyewe zilikuwa zimepangwa juu ya kiroba, jozi nne, zimekuja kwa basi kutoka Dar. Kwa asiyezijua, ni visahani vinene vya chuma vinavyokaa kati ya rimu na habu, kitovu cha gurudumu, vikalisukuma tairi nje ili gari lionekane limepanua miguu. Wengi wanachagua kwa macho. Kasmir alizichagua siku tatu. Jozi ya kwanza aliigonga kwa spana, ikalia kama kifuniko cha sufuria, akaitupa pembeni. Ya pili tundu lake la katikati lilikuwa pana, halikuikumbatia habu. "Hii uzito wote itauachia studi, boliti zinazoshika tairi," alisema, "na studi ikikatika kwenye mteremko utamkumbuka mama yako." Zilibaki jozi mbili, ya kumi na tano na ya ishirini. Hizo alizipangusa kwa kitambaa na kuziweka juu ya benchi.

"Mimi nataka thelathini," Ridhiwani alisema. "Zote nne."

Kasmir aligeuka akamtazama. Kwa miaka minne mtu huyu hakuwahi kutamka kipimo chochote. Kila alipofika gereji swali lake lilikuwa moja tu, litawaka lini. Leo anataka thelathini!

"Thelathini umeitoa wapi?"

"Nimeiona tu mtandaoni. Inapendeza."

"Mbele ukiweka thelathini, ukikata kona tairi linakula madigadi. Kumi na tano mbele, ishirini nyuma. Ukitaka zaidi ya hapo tafuta fundi mwingine."

Ridhiwani akapiga picha spesa, akapiga picha uzi na nati, akasogea mpaka kwenye mkaratusi na kuongea na simu, kiganja kimeziba mdomo. Alirudi anatabasamu. "Sawa, mshikaji. Kumi na tano, ishirini. Wewe ndiye unayejua."

Kasmir alifurahi kama mtoto. Alidhani ameshinda ubishi na rafiki yake. Masikini ya Mungu, alikuwa anabishana na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Hawa wawili walikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba. Ridhiwani ni mtoto wa Mzee Zubery mwenye malori na nyumba ya maduka mjini. Kasmir ni mtoto wa Agnesi, mjane wa Milanzi mwenye shamba la mahindi na ulezi. Mwezi wa Ramadhani Kasmir alifuturu kwa kina Ridhiwani, na Krismasi Ridhiwani alikula kuku kwa Agnesi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kalamu moja waliikata katikati wakagawana. Ukimwita mmoja, umewaita wote wawili.

Miaka minne iliyopita Ridhiwani alilikuta gari Tunduma, Celica ya rangi ya damu ya mzee, injini imekufa, sakafu imeliwa na kutu, kuku wanatagia ndani. Alilinunua kwa bei ya chuma chakavu, akalivuta kwa lori la baba yake mpaka Milanzi. Jioni hiyo, sebuleni kwa mama yake Mwantum, wakiwa na chai na chapati, alisema mbele ya mama: "Mimi nimetoa gari, Kas anatoa mikono. Nusu kwa nusu." Wakashikana mikono. Mwantum akasema, "Nimesikia kwa masikio yangu, na Mungu amesikia."

Karatasi haikuandikwa. Ilipofika wakati wa kubadilisha kadi ya gari, likatakiwa jina la mtu mwenye namba ya mlipa kodi. Ridhiwani alikuwa nayo, Kasmir hakuwa nayo. "Andika lako," Kasmir mwenyewe ndiye aliyesema, kwa mdomo wake huo huo. Angedaije karatasi kwa mtu aliyegawana naye kalamu? Lingekuwa tusi. Huko ndiko alikokosea, na lisemwe wazi, maana baadaye aliulizwa na kila mwenye mdomo na hakuwa na jibu jingine.

Gari likakosa pa kulala. Agnesi akatoa ulezi wake kwenye kibanda cha mazao, akauweka chini ya turubai uani, gari likaingia. Mvua ya mwaka ule ikapenya turubai, ulezi ukaota kabla ya kusagwa. Jumapili akitoka kanisani alikuwa akiingia kwenye lile gofu lisilo na viti, anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa upande wa abiria, anashika rozari. "Najizoeza," alikuwa akisema. Ahadi ilikuwa moja na alishawatangazia akina mama wote wa jumuiya: siku gari likikamilika, Jumapili yake litakwenda kanisani, Agnesi kiti cha mbele, padre alinyunyizie maji ya baraka, kisha litapelekwa mjini kwa Mwantum lisomewe dua. Padre alishaombwa. Kitenge kilishashonwa. Jumapili yenyewe ilikuwa keshokutwa, na kilichobaki kwenye gari ni spesa tu.

Jumamosi asubuhi Kasmir alipandisha gari kwenye vigogo vinne. Alisugua kila habu kwa brashi ya waya, akapaka chokaa ya unga kwenye uso wa habu, akabana spesa, akaifungua tena kutazama chokaa imeshika wapi. Palipokuwa peupe pote, aliridhika. Palipokuwa na alama ya pembeni tu, alirudia kusugua. Saa nne alikuwa amevalisha matairi yote na nati zote zimeingia kwa vidole, bado kukazwa. Akalishusha kutoka kwenye vigogo, akarudi hatua kumi nyuma kulitazama. Jamani, lilikuwa zuri! Lilikaa chini, limetanua mabega, na hakuna tairi lililochungulia nje ya madigadi hata kwa unene wa kucha. Alitamani Ridhiwani afike haraka alione.

Ridhiwani alifika, lakini hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja bwana mmoja mnene wa makamo, mkoba begani, miwani ya jua kichwani.

"Habari ya kazi, fundi," yule bwana alisema, akampa mkono bila kujali grisi. "Mimi Elia, natoka Mbeya. Ndiyo wewe umekataa thelathini yangu?"

"Thelathini yako?"

"Nilimwambia Ridhiwani siwezi kulichukua gari mpaka litolewe matairi nje. Nikataka thelathini. Akanitumia picha ya uzi wako na maneno yako, nikasema huyu fundi anajua, tufuate yeye." Alilizunguka gari, akalipapasa paa. "Aisee. Aisee! Nimelipia gari haswa."

Kasmir hakuelewa, kisha akaelewa, kisha akakataa kuelewa. Alimtazama Ridhiwani. Ridhiwani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umeliuza?"

"Kas, njoo tuongee pembeni."

"Ongea hapa hapa. Umeliuza?"

"Nimebanwa, ndugu yangu. Lori la mzee limekufa, nyumbani hakukaliki. Fungu lako lipo, sijaligusa. Nilitaka nikuambie likishaondoka, nisikuvunje moyo ukiwa bado unafanya kazi."

Sikia hiyo! Alikuwa anamwonea huruma kwa faida ya kazi. Kasmir alihisi masikio yanapata moto katikati ya baridi ile yote. Angeambiwa wiki iliyopita kwamba rafiki yake amebanwa, angeliuza naye, angelia naye, angemtafutia hata mteja. Kwani nini? Ni chuma tu. Lakini siku tatu mtu anakaa kwenye kiroba chako, anakuita mshikaji, anakupiga picha na kumtumia mnunuzi, na wewe umechuchumaa pale unapima milimita kwa mapenzi yote, kumbe unampambia mwingine!

"Mama Mwantum anajua?" aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Kama Mwantum hajui, bado kuna mahali pa kwenda kusema.

Ridhiwani aliingiza mikono mifukoni. "Anajua. Alisema wewe ni mtu mwelewa."

Basi hapo Kasmir alikosa hata pa kuegemea. Mwanamke aliyemmegea futari miaka yote ile, aliyesema Mungu amesikia, naye amekaa kimya. Walikaa nyumba nzima, wakala, wakanywa, wakapanga, na hakuna mmoja aliyesema tumpigie simu mtoto wa Agnesi.

"Kuna shida?" Elia aliuliza. Alikuwa anawatazama kwa zamu, na uso wake haukuwa na hila yoyote.

"Hakuna shida, kaka," Ridhiwani alidakia. "Ni mambo ya mimi na fundi wangu."

Fundi wangu. Neno hilo lilimchoma Kasmir kuliko uuzaji wenyewe.

Akageuka, akachukua spana ya tairi, akapiga goti kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Nati zote ishirini zilikuwa zimeshikwa na vidole tu. Tusidanganyane, wazo lilimjia. Lilikuja lenyewe, likakaa. Angezikaza nusu. Angemkabidhi bwana huyu ufunguo, amtakie safari njema, na mahali fulani barabarani tairi lingechomoka, na jina litakalotajwa ni la aliyeuza. Nani angejua? Alibaki pale, spana mkononi, akiwa na hasira ya kutosha kufanya lolote.

Kisha akaona chokaa nyeupe iliyobaki kwenye kucha zake, akajichukia kwa kulifikiria. Elia hajamkosea kitu. Na gari nalo halijamkosea kitu. Akajikaza kisabuni, akaanza: ya juu, ruka, ya chini kulia, ruka, mpaka mwisho. Alizunguka gurudumu kwa gurudumu, akarudi mwanzo, akarudia. Ridhiwani alisema jambo, hakulisikia. Alisema jingine, akaweka bahasha juu ya sanduku la vifaa. Kasmir aliichukua kwa vidole viwili, akaichomeka kwenye mfuko wa shati la Ridhiwani, akaendelea kukaza.

"Nimemaliza," alimwambia Elia. "Sasa nisikilize, bwana. Spesa mpya zinakaa baada ya kutembea. Kilomita hamsini za kwanza, unasimama, unakaza tena nati zote. Usiseme utakaza Tunduma, wala usiseme utakaza Mbeya. Hamsini."

"Mimi hata spana hiyo sijui kuishika," Elia alikiri. "Si tupande wote? Utakaza mwenyewe, halafu nakutafutia gari la kurudi."

Kasmir hakupenda. Lakini alimtazama yule bwana na mikono yake laini, akajua kabisa kwamba hatosimama popote. Akachukua spana, akafungua mlango wa kushoto, akaketi. Kiti cha mbele, upande wa abiria. Kilikuwa na kitambaa kipya alichokishona mwenyewe, akampimia mama yake asiumie mgongo.

Ridhiwani alibaki kwenye mkaratusi, bahasha inachungulia mfukoni. "Kas," aliita. Kasmir alivuta mkanda, akafunga.

Njia ya vumbi inayotoka gereji kwenda kwenye lami inapita mlangoni kwa Agnesi, na hakuna nyingine. Mama alikuwa uani anapepeta. Alisikia mngurumo, akainua kichwa, akaliona gari jekundu linakuja, mwanawe kiti cha mbele. Ungo ukaanguka. Alikimbilia barabarani na kanga moja imemteleza bega, akaziba mdomo kwa kiganja, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Alikuwa anapunga mikono yote miwili, anaruka, mwanamke wa miaka sitini na mbili.

"Nani yule?" Elia aliuliza, akacheka kwa furaha.

"Ni mama yangu."

"Nisimame?"

Kasmir alifungua mdomo. Angesema nini pale, mbele ya mgeni, mbele ya majirani waliokwisha kutoka? "Hapana. Twende, tusichelewe." Akainua mkono, akapunga. Mama akapunga zaidi.

Barabarani gari lilikwenda vizuri mno. Hapo ndipo palipouma. Usukani haukutetemeka, kona zilikatwa kama siagi, mashamba yaliyovunwa yalipita pande zote mbili na matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani tayari kwa mwakani. Kasmir alisikiliza injini kwa sikio la daktari, akitafuta kosa lolote, hakulipata.

"Huyu Ridhiwani ni fundi wa hatari," Elia alisema. "Miaka minne, peke yake! Kaniambia injini ameishusha mwenyewe mara tatu."

"Mara tano."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Elia akamtazama kwa jicho la pembeni. Huenda alishaanza kuunganisha mambo. Hakuuliza zaidi, na Kasmir hakusema zaidi, maana kusema kungekuwa kama kumwomba.

Kihesabu cha safari kwenye dashibodi kiliposoma kilomita hamsini kamili, kabla ya Laela, walisimama kando ya lami penye wauza vitunguu. Kasmir alizikaza zote ishirini. Nati mbili za nyuma kulia zilikubali robo mzunguko, na kama asingekuja zingebaki hivyo. Nyingine zilikataa kata kata. Akapangusa spana.

"Sasa uende popote," alisema.

Elia alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema tu, "Asante, fundi." Gari likaondoka. Kwa nyuma lilipendeza kuliko mbele, milimita ishirini kila upande, na Kasmir alilitazama mpaka likamezwa na kilima. Mama mmoja wa vitunguu alimuuliza kama anasubiri basi. Akasema ndiyo.

Simu ikaita. Alikuwa Agnesi.

"Mwanangu, nimewaona! Nimepiga vigelegele mpaka Avelina jirani katoka na mwiko mkononi. Gari zuri hilo, jamani! Sasa kesho ni misa ya kwanza au ya pili? Akina mama wa jumuiya wako hapa, wanataka kujua waje na maua saa ngapi. Halafu huyo Ridhiwani mbona kanenepa hivyo, au ni kioo tu?"

"Siye Ridhiwani, mama."

"Ni nani?"

"Mwenye gari."

Kwa nyuma sauti za wanawake zilisikika, wanacheka, mmoja anaimba.

"Mwenye gari," Agnesi alirudia polepole. "Na wewe, mwanangu, ulikuwa nani mle ndani?"

Kasmir alijitazama mikono. Chokaa bado ilikuwepo kwenye kucha.

"Fundi, mama."

Agnesi hakukata simu. Kasmir alimsikia anawaambia wale wanawake waende makwao, hakuna kitu, waende tu. Kisha akarudi kwenye simu na kumwambia apande gari lolote litakalopita, hata la magunia, maji ya ugali ameshayaweka motoni.